Mbaruk Yupi?

Mwaka 1895, katika pwani ambayo leo ni ya Kenya, Waingereza walipigana na watu wawili kwa mpigo. Wa kwanza aliitwa Mbaruk bin Rashid. Wa pili naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Wote walikuwa Wamazrui, wote walikuwa na kinyongo juu ya utawala walioona umewaponyoka, na haukupita muda wakajikuta upande mmoja wa vita. Anayesoma habari za vita hivyo hulazimika kusimama kila baada ya aya mbili tatu na kuuliza, huyu sasa ni yupi? Maofisa wa Mombasa na Zanzibar walipata dawa rahisi: mmoja akaandikwa Mbaruk wa Takaungu, mwingine Mbaruk wa Gasi, na vitabu vya historia vikafuata.

Jina lenyewe si geni kwa mtu wa pwani. Utalikuta kwa sura nyingi, Mubarak, Mbarak, Mbaruk, Mbaraka, Mabruki, na limebebwa na masheikh, mabaharia, wapagazi, maliwali na wapiga gita. Kilichonivuta mimi ni kile kinachofuata jina. Bombay. Speke. Wa Gasi. Sir. Kila Mbaruk aliyeingia katika historia alibandikwa kitu cha kumtofautisha na wenzake, na mara nyingi aliyekibandika hakuwa baba wala mama yake. Basi nikaifuata njia yao, kwa matatu, kwa bodaboda na kwa mguu pale ilipobidi, kuanzia Takaungu na kushuka kusini.

Kwenda Takaungu unaiacha barabara kuu ya Mombasa na Malindi baada ya Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, kabla hujafika Kilifi. Ni mji mdogo kwenye mdomo wa mkono wa bahari, wenye misikiti, makaburi na nyumba za zamani, na utulivu unaomdanganya mgeni. Karne ya 19 hapakuwa kimya. Mashamba ya bara yake, yaliyolimwa na watumwa, yalitoa nafaka iliyopakiwa majahazini kwenda mbali. Wenye mji walikuwa Wamazrui waliohamia hapo baada ya Seyyid Said wa Oman na Zanzibar kuitwaa Mombasa mwaka 1837.

Hapo inafaa tusimame kidogo. Wamazrui walikuwa wameitawala Mombasa kwa takriban karne nzima, kwanza kama maliwali wa Oman, kisha kwa kichwa chao wenyewe. Seyyid Said alipoupata mji aliwakamata wakubwa wao, akawasafirisha kwa merikebu hadi Ghuba ya Uajemi, na huko wakapotelea. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikuwa miongoni mwao. Waliosalimika walikimbia pande mbili. Tawi moja likaenda kaskazini, Takaungu, na likajifunza kuishi vizuri na Zanzibar. Tawi la pili likaenda kusini, Gasi, na halikujifunza.

Mtawala wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki Februari 1895. Aliyetarajia kumrithi kwa kufuata ukubwa katika ukoo alikuwa mtoto wa ndugu yake, Mbaruk bin Rashid. Lakini Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha pwani kwa niaba ya Sultani, ilimpendelea Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa sababu ilimwona mtu wa kuelewana naye. Lilikuwa kosa la kitoto. Kampuni ilikuwa imefilisika na inafungasha virago. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitangaza himaya na kuchukua mahali pake. Mtu anayehama nyumba hana haja ya kubadili kufuli. Ila wao walibadili, na Mbaruk wa Takaungu akatoka mjini na wafuasi wake, akaenda Gonjoro, bara kidogo, pamoja na ndugu yake Aziz.

Gonjoro iliposhambuliwa walitawanyika. Aziz ndiye aliyekuja kuwa moto wa vita vya kaskazini, akipata nafaka na mahali pa kujificha kwa Wagiriama, akipiga na kutoweka. Mbaruk kijana, ambaye haki yake ndiyo iliyoanzisha yote, polepole anamezwa katika masimulizi na ndugu yake upande mmoja na jamaa yake wa Gasi upande wa pili. Sijui kama kuna mtu mwingine katika historia yetu aliyeanzisha vita vikubwa hivyo kisha jina lake likahesabiwa kuwa la mwingine. Hata leo, ukitaja vita vya Mbaruk, watu watafikiria Gasi.

Ardhi ya Takaungu iliendelea kuzozaniwa hata baada ya wote hao kuondoka. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwawekea Wamazrui ardhi ya waqfu katika eneo hilo; mwaka 1989 Bunge la Kenya likaifuta, na kesi zikafuata. Ni habari ndefu inayotaka makala yake.

Kutoka Takaungu nilishuka hadi Mtwapa. Leo ni mji wa vilabu na majumba ya ghorofa usiolala usiku. Mwaka 1895 mkubwa wake, Hamisi bin Kombo, alijiunga na waasi, na mji ukachomwa moto. Vita hivi mara nyingi huitwa vita vya Wamazrui kana kwamba ni ugomvi wa familia moja ya Kiarabu. Hamisi bin Kombo alikuwa Mswahili wa Mombasa. Wagiriama walitoa nafaka. Wadigo waliingia, na watoro, yaani watumwa waliotoroka mashambani, walibeba bunduki chini ya Mbaruk wa Gasi, ambaye mwenyewe alikuwa mmiliki na mtekaji wa watumwa. Ukitafuta mantiki safi hutaipata. Kila kundi lilikuwa na sababu yake ya kumchukia yule aliyekuwa Mombasa akitoa amri.

Mombasa Mjini ndipo nilipokutana na Mbarak wa aina nyingine kabisa. Mbele ya Fort Jesus, upande wa Mji wa Kale, yako makaburi ya Wamazrui. Profesa Ali Mazrui, aliyefariki Marekani Oktoba 2014, alirudishwa kuzikwa hapo. Ukiingia ndani ya Mji wa Kale unakutana na barabara iliyo na Msikiti wa Mandhry, mmoja wa misikiti mikongwe ya mji. Zamani barabara hiyo iliitwa kwa jina la Vasco da Gama. Sasa inaitwa Sir Mbarak Hinawy.

Mbarak Ali Hinawy alizaliwa mwaka 1896, mwaka ule ule vita vya akina Mbaruk vilipokwisha. Alipanda ngazi za utumishi wa serikali hadi akawa Liwali wa Mombasa na kisha wa pwani, cheo ambacho Wamazrui walikuwa wakikishika kwa upanga na yeye alikishika kwa kalamu, chini ya bendera ya Uingereza, hadi alipofariki mwaka 1959. Malkia alimpa daraja la Sir. Kwa watu wengine hilo lingetosha kumweka upande wa wakoloni na kufunga faili. Mimi naona ni haraka mno. Mtu huyu alikuwa mkusanyaji mkubwa wa maandiko ya Kiswahili. Mwingereza William Hichens, aliyechapisha Diwani ya Muyaka bin Haji mwaka 1940, alimtegemea Hinawy kwa miswada na ufafanuzi, na Muyaka ndiye malenga wa Mombasa ya Wamazrui. Mwaka 1950 Hinawy mwenyewe alitoa kitabu kiitwacho Al-Akida, juu ya Muhammad bin Abdallah, yule akida aliyejifungia ndani ya Fort Jesus Januari 1875 akamwasi Sultani Barghash, hadi manowari mbili za Kiingereza zilipoipiga ngome kwa mizinga. Babu wa akida huyo, kwa bahati, naye aliitwa Mbarak.

Kwa hiyo liwali mtiifu alitumia saa zake za jioni kuandika maisha ya mwasi. Sidhani alikuwa akimsifu kwa siri. Lakini alijua kwamba mji usioandika habari za waliouasi utaandikiwa na waliouadhibu, na hilo kwa mtumishi wa serikali ya kikoloni si jambo dogo. Kati ya akina Mbaruk wote, yeye pekee ndiye aliyeshika kalamu mwenyewe, na pengine ndiyo maana jina lake la heshima halina dharau ndani yake.

Kabla ya kuvuka Likoni nilipita Mbaraki. Hapo kuna nguzo ya mawe ya matumbawe, nene na ndefu, imesimama karibu na magofu ya msikiti, na Wareno waliionyesha kwenye ramani yao ya mwaka 1728. Watu walikuwa wakipeleka hapo vyetezo na sadaka kwa pepo aliyeaminika kukaa ndani yake. Simweki pepo kwenye orodha yangu, ingawa kwa umri anawapita wote.

Kutoka kivukoni hadi Gasi ni mwendo wa kilomita zipatazo 50 kwenye barabara ya Lunga Lunga. Unapita Ukunda na vibanda vyake, kisha minazi inakuwa mingi na magari yanapungua. Siku hizi Gasi inajulikana zaidi kwa mikoko. Wanawake wa kijiji wana daraja la mbao ndani ya msitu ambalo wageni hulipia kutembea, na tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo na kutumia fedha kwa maji na shule. Ni kijiji chenye fahari yake. Nyumba kubwa ya Mbaruk nayo ipo, nyumba ya mawe ya mtu mkubwa, ambayo iliwahi kugeuzwa kuwa shule.

Watu wa hapo hawamsemi kwa sauti moja. Wengine watakwambia alikuwa shujaa aliyewakataa Busaidi, yaani ukoo wa Sultani, na Wazungu. Wengine watakukumbusha kwamba alikuwa na watumwa, na kwamba ndani ya nyumba ile watu walifungwa na kuteswa. Yote mawili ni kweli na hayahitaji kupatanishwa.

Mbaruk huyu alikuwa mtoto mdogo baba yake, yule liwali wa mwisho Rashid bin Salim, alipopakiwa merikebuni. Alikua Gasi akijua kwamba mji wake ni Mombasa na kwamba yuko hapo kwa kufukuzwa. Katika miaka ya 1870 na 1880 alimwasi Sultani wa Zanzibar tena na tena. Kila aliposongwa alipanda vilima vya Shimba hadi ngome yake ya Mwele, ndani ya msitu, ambako jeshi la pwani lilichoka kabla ya kufika. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeunda jeshi la Sultani, alimzingira hapo, Mbaruk akaponyoka. Baadaye wakapatana, wakagombana, wakapatana. Kampuni ya Kiingereza ilipokuja iliona nafuu kumlipa posho na kumwacha na askari wake, kwa maana kumlipa kulikuwa rahisi kuliko kumpiga.

Ndipo mwaka 1895 wakaja mlangoni kwake jamaa wa Takaungu, wameshindwa Gonjoro, wanaomba kimbilio. Waingereza wakamtaka awatoe. Fikiria mtihani wa mzee wa takriban miaka 60. Ana posho yake, ana amani yake, na anaambiwa amkabidhi kijana wa ukoo wake, ambaye si tu ni Mmazrui bali amebeba jina lake na la baba yake herufi kwa herufi. Mbaruk kwanza alitafuta njia ya katikati, akaahidi utii, akachelewesha. Sir Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza Zanzibar na mkuu mpya wa himaya, alipofika Gasi mwishoni mwa Julai na manowari nyuma yake, alikuta mzee amekwisha kwenda Mwele.

Tarehe 17 Agosti 1895 kikosi cha mabaharia na askari chini ya Admirali Harry Rawson kiliiteka Mwele. Rawson huyu ana mkono katika historia yetu kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Mwaka mmoja baadaye, 27 Agosti 1896, ndiye aliyepiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar kumwondoa Khalid bin Barghash, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja. Mwaka 1897 ndiye aliyeongoza msafara ulioiteka Benin na kuipora shaba zake. Kwa Mwele, Waingereza hawakutengeneza kipande cha kuning'iniza kwenye utepe wa nishani. Walichonga jina la Mwele na mwaka kwenye ukingo wa nishani yenyewe. Nishani hizo bado zinanunuliwa na kuuzwa minadani Uingereza. Mwele yenyewe ni kilima chenye msitu katika hifadhi ya Shimba, na watalii wengi hupita karibu wakitafuta palahala bila kuambiwa kwamba palikuwa na ngome.

Kutekwa kwa Mwele hakukumaliza vita. Kulivisambaza. Waasi walishambulia hapa leo na kule kesho, wakachoma, wakatoweka, na askari waliokuwepo hawakutosha. Machi 1896 ikabidi kuletwa kikosi kutoka Bara Hindi, na hapo mizani ikalala upande mmoja. Aprili Mbaruk wa Gasi akavuka mpaka kuingia eneo la Wajerumani, na huko Moa, kati ya mpaka na Tanga, akajisalimisha kwa gavana Hermann von Wissmann, akifuatana na zaidi ya watu 1,000. Aziz na Hamisi bin Kombo nao walivuka. Mpaka wenyewe, uliochorwa mwaka 1886 kuanzia mdomo wa mto Umba, ulikuwa na umri wa miaka 10 tu. Waliouchora hawakuwaza kumsaidia mtu yeyote wa pwani. Kwa Mbaruk ulikuwa mstari bora kuliko ngome yoyote aliyowahi kujenga.

Nami nikavuka, Lunga Lunga hadi Horohoro, nikapita Tanga, nikashuka hadi Pangani. Sikuwa nikimfuata Mbaruk wa Gasi tena. Juu kidogo ya mto Pangani palikuwa na kituo cha askari Wabulushi wa Sultani, mahali palipoandikwa na wasafiri kuwa Chogwe. Mapema mwaka 1857, Richard Burton na John Hanning Speke, wakiwa katika matembezi ya majaribio kuelekea Usambara, walimkuta hapo askari mmoja mfupi, mchangamfu, anayezungumza Kihindustani. Aliitwa Mubarak. Wakamwajiri.

Alizaliwa Uyaoni karibu mwaka 1820. Akiwa mtoto wa miaka kama 12 alikamatwa, akaletwa Kilwa, kisha Zanzibar, akauzwa kwa nguo kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyemchukua hadi Bara Hindi. Alikaa huko miaka mingi, mpaka bwana wake alipokufa na yeye akapata uhuru, akarudi Zanzibar na kujiunga na jeshi la Sultani. Sidi ni jina ambalo Wahindi waliwapa Waafrika waliofika kwao. Bombay ni mji wa kule. Mubarak ni jina la utumwani. Hivyo mtu aliyeandikwa vitabuni kama Sidi Mubarak Bombay amebeba majina matatu, yote ya safari ambayo hakuichagua, na jina la Uyaoni likabaki Uyaoni.

Akaja kuchagua safari nyingine. Alikuwa na Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858. Burton alipolala mgonjwa Kazeh, yaani Tabora, Speke alikwenda kaskazini na Bombay, na tarehe 3 Agosti 1858 wakaliona ziwa Victoria kutoka Mwanza. Ugomvi wa Burton na Speke juu ya chanzo cha Nile ulichafua hewa ya London kwa miaka, na katika ugomvi wote huo mtu wa tatu aliyekuwa na jambo la kusema alikuwa Zanzibar akitafuta kazi. Mwaka 1860 akatoka tena na Speke na James Grant, wakapita Karagwe na Buganda, wakashuka Nile hadi Misri. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimfanya mkuu wa askari wa msafara uliokwenda kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 akaondoka na Verney Lovett Cameron, na Novemba 1875 wakatokea pwani ya Atlantiki, Angola. Alikuwa ameshuka Nile hadi kaskazini na sasa amelikata bara kutoka mashariki hadi magharibi. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilimpa nishani ya fedha na, mwaka 1876, pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Wasafiri walimsifu kwa uaminifu na kumtukana kwa ulevi mara nyingine katika ukurasa mmoja. Stanley anaeleza kwamba Bombay alikuwa na pengo la meno ya juu, na kwamba pengo hilo lilitokana na ngumi ya Speke. Stanley naye alimpiga. Hayo hayakuwazuia kumhitaji. Msafara wa watu mia na zaidi, wenye lugha tano au sita, wenye mizigo ya shanga, nguo na nyaya, ulihitaji mtu wa kuzungumza na chifu wa kila kijiji juu ya hongo, kuwatafuta wapagazi waliotoroka usiku, na kumwambia Mzungu habari mbaya kwa namna ambayo haitamfanya ashike bunduki. Kazi hiyo ndiyo iliyofikisha watu ziwani. Mwaka 2009 Jumuiya ile ile ya London iliandaa maonyesho juu ya watu waliokuwa nyuma ya safari hizo, naye alikuwa miongoni mwa walioonyeshwa. Imechukua muda.

Bombay hakuja kwa Burton peke yake. Alimleta rafiki aliyemwita ndugu, mtumwa wa kukodiwa, naye jina lake Mabruki. Sasa wasafiri walikuwa na Mubarak na Mabruki katika msafara mmoja, na huko ndani ya kambi za Zanzibar walikuwepo akina Mabruki wengine wengi, kwa sababu jina hilo lilipendwa sana kupewa watumwa, sawa na Baraka, Feruzi na Almasi. Bwana mwenye nyumba wa pwani angeweza kumwita mwanawe Mbaruk na mtumishi wake Mabruki, na kila mtu barazani akaelewa nani ni nani kwa irabu tu. Ili kumtofautisha huyu na wenzake, jina la Mzungu aliyemtumikia likabandikwa nyuma ya lake, akawa Mabruki Speke. Burton alikuwa amemtumia kama mtumishi wake wa binafsi na akamwandika vibaya: mkaidi, mzito, mwenye kichwa cha fahali. Maneno hayo yalimfuata. Stanley aliyarudia miaka 14 baadaye kabla hajamjua mtu mwenyewe.

Kisha akamjua. Alimwajiri mwaka 1871, Mabruki akiwa na mkono mmoja uliopoteza nguvu. Kwa maelezo ya Stanley, jirani mwenye wivu alikuwa amemkamata pamoja na wenzake na kumning'iniza mtini kwa viganja. Pamoja na mkono huo alikwenda Ujiji na kurudi, na mwaka 1874 akaandikishwa tena kwa safari kubwa ya kuvuka bara. Alifia Kageyi, kando ya ziwa Victoria, mwaka 1875. Filamu ya Kimarekani ya mwaka 1990 juu ya Burton na Speke, Mountains of the Moon, ilimpa nafasi, na aliyemwigiza ni Delroy Lindo. Bombay aliigizwa na Mkenya Paul Onsongo. Nadhani huo ndio wakati pekee ambapo wawili hao wamewahi kuonekana na hadhira ya dunia wakiwa na nyuso za watu.

Dar es Salaam ndipo Wajerumani walipompeleka Mbaruk wa Gasi. Aliishi humo miaka 14, akafariki mwaka 1910. Hakuwa mkimbizi wa pekee wa kifalme mjini. Oktoba 1896 alifika Khalid bin Barghash, yule aliyeondolewa Zanzibar kwa mizinga ya Rawson. Mmazrui na Busaidi, wajukuu wa watu waliochinjana kwa ajili ya Mombasa, sasa wote walilindwa na Kaisari kutokana na admirali mmoja. Khalid alikamatwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akapelekwa ng'ambo, na mwishowe akaruhusiwa kuishi Mombasa, ambako alifariki mwaka 1927. Mbaruk, aliyeipigania Mombasa maisha yake yote, hakuirudia.

Mpaka ule ule wa Waingereza na Wajerumani ulikuja kuvukwa na Mbaraka mmoja kwa sababu za furaha zaidi. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na kwa gita lake akaifanya bendi ya mji wa mkoa ishindane na za Dar es Salaam. Mwaka 1970 waliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo, Osaka, Japani. Mwaka 1973 alianzisha Super Volcano. Kenya ilikuwa na viwanda vya santuri na soko kubwa, kwa hiyo alikuwa akienda na kurudi, na wimbo wake Shida ulipendwa pande zote mbili. Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa, akafariki akiwa na miaka 34. Jina lake la pili lilikuwa la baba yake. Katika wote niliowafuata ni wachache walioruhusiwa hilo bila nyongeza. Akina Mbaruk bin Rashid wawili walikuwa nalo, na kwa kuwa lilikuwa moja, wakanyang'anywa wakapewa majina ya vijiji.

Nimeulizwa na rafiki, kati ya hawa, ungemkaribisha nani barazani. Alidhani nitasema Bombay, kwa Kihindustani chake na hadithi za Nile, au Sir Mbarak kwa ajili ya miswada. Bombay alipata kusimulia maisha yake kwa Speke, na Sir Mbarak alijiandikia. Mbaruk wa Gasi angeanza habari za mwaka 1837 na kahawa ingepoa. Mimi ningemkaribisha Mabruki. Burton amemsema, Stanley amemsema, hata Hollywood imemsema. Naye hajapata zamu, na nina hakika kuhusu Burton ana mengi.